Maji ya Mfereji: Je, Tunaweza Kuyanywa Bila Kuchemsha?

Vuta kiti karibu na redio. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo, maana leo tunazungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu hukitia kinywani kila siku. Ni maji.

Swali letu la leo ni la watu wengi. Chukua mfano wa mama aliyehamia mjini na kupanga chumba katika ploti yenye mfereji. Kule nyumbani alikuwa akiteka maji ya chemchemi na kuyachemsha kila jioni. Majirani wapya wakamwambia: "Mama, haya ni maji ya mfereji, yametiwa dawa. Unachoma makaa bure!" Mkebe wa makaa una bei yake, na watoto ni watatu. Akaacha kuchemsha. Majuma machache yakapita, kitinda mimba akaanza kuhara. Sasa anauliza: je, ni maji haya, au ni kitu kingine?

Ili tumjibu sawasawa, hebu turudi nyuma tuone mfereji ulitoka wapi, na kwa nini watu waliuamini.

Kabla ya mfereji

Zamani watu wengi waliamini kwamba maji yakiwa maangavu na yasiyo na harufu, basi ni salama. Imani hiyo iliua watu wengi. Kule Unguja alikuwako daktari mmoja, James Christie, aliyeandika kitabu juu ya kipindupindu katika Afrika Mashariki. Kilichapishwa mwaka 1876. Alieleza milipuko minne: ya 1821, 1836 hadi 1837, 1858 hadi 1859, na ule mbaya wa 1869 hadi 1870. Alifuatilia habari za wasafiri na wafanyabiashara, akaona kwamba huo wa mwisho haukuletwa na jahazi. Ulipitia bara, katika nchi ya Wamaasai, ukashuka hadi pwani. Kwa hiyo tusidhani kipindupindu ni ugonjwa wa watu wa baharini tu. Hufuata njia za watu popote zinapokwenda.

Mwaka 1870 Sultani Barghash alishika utawala wa Unguja. Katika enzi yake, iliyoisha 1888, alijenga mfereji wa kuleta maji ya chemchemi kutoka nje ya mji hadi Mji Mkongwe. Watu wakapata maji mbali na visima vilivyochimbwa karibu na vyoo na makaburi.

Huko London, mwaka 1854, daktari John Snow alikuwa amekwisha kuonyesha jambo hilo hilo. Watu wa mtaa mmoja walikuwa wakifa kwa kipindupindu. Alipouliza nyumba kwa nyumba, akagundua kwamba wengi wao walikunywa maji ya pampu moja katika Broad Street. Mpini wa pampu ukaondolewa. Watu waliyapenda maji yale, maana hayakuonekana kuwa na kasoro, kumbe yalikuwa yameingiwa na uchafu wa choo.

Sikiliza hapo, msikilizaji. Jicho halioni vijidudu. Maji maangavu si lazima yawe maji safi.

Dawa ndani ya maji

Hatua iliyofuata ilikuwa klorini. Mwaka 1897, katika mji wa Maidstone huko Uingereza, kulikuwa na mlipuko wa homa ya matumbo, ile tunayoiita taifodi. Mabomba ya mji yakasafishwa kwa dawa ya klorini. Mwaka 1905 mji wa Lincoln ukaanza kutia klorini katika maji kwa muda mrefu. Mwaka 1908 Jersey City, Marekani, ukawa mji wa kwanza nchini humo kutia klorini kila siku bila kukoma. Miji mingine ikafuata, na vifo vya taifodi vikapungua sana.

Mpaka leo kazi ya kiwanda cha maji hufuata njia hiyo. Maji ya mto huingia na tope lake. Hutiwa shabu, ile wengine huiita alamu, ili tope ligandamane na kuzama. Kisha hupitishwa katika mchanga. Mwisho hutiwa klorini. Sasa shika neno hili: klorini haitiwi ili iue vijidudu vya kiwandani peke yake. Kiasi kidogo huachwa ndani ya maji ili kiyalinde njiani. Ndiyo maana wakati mwingine ukifungua mfereji unasikia harufu ya dawa. Harufu hiyo isikutishe. Huyo ni askari aliyesindikiza maji mpaka kwako.

Mfereji ulivyofika kwetu

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mji ukakua haraka. Kama ilivyokuwa katika miji mingi ya wakati wa ukoloni, maji ya bomba yalikuwa kwanza ya ofisi, hospitali na nyumba za wakubwa. Wafanyakazi wa mashamba na watu wa vijijini waliendelea kuteka mitoni na kwenye chemchemi.

Baada ya uhuru, Serikali ya Kenya iliunda wizara nzima ya maji mwaka 1974, ikaweka lengo kwamba kufikia mwaka 2000 kila mtu awe na maji karibu na nyumbani. Lengo lilikuwa zuri. Mabomba mengi yalitandazwa, lakini mwaka 2000 ulifika lengo likiwa mbali.

Na pale mabomba yalipofika, shida nyingine ilikuwa inakuja polepole. Kati ya 1966 na 1968 watafiti walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania wakipima maji yanayotumika majumbani katika mahali 34. Matokeo yakatoka katika kitabu mwaka 1972. Miaka thelathini baadaye, 1997, watafiti wengine walirudi mahali pale pale. Je, walikuta nini? Zamani karibu nyumba zote zenye mfereji zilipata maji saa 24. Mwaka 1997 zilikuwa zimebaki asilimia 56. Zamani mtu mmoja katika nyumba yenye mfereji alitumia wastani wa lita 128 kwa siku. Sasa zilikuwa lita 66. Miji ilikua, mabomba yakazeeka, wateja wakaongezeka, maji yakawa ya mgao.

Hapo ndipo tunapopata jibu la swali letu. Babu alipokuambia kwamba maji ya mfereji hayahitaji kuchemshwa, huenda hakukosea. Alikuwa anasema juu ya mfereji wa siku zake, uliotoa maji usiku na mchana. Bomba lililojaa maji wakati wote husukuma kutoka ndani kwenda nje. Likipasuka, maji huvuja nje, lakini uchafu hauingii kwa urahisi. Maji yakikatika, bomba hubaki tupu. Likiwa na ufa, na kando yake kuna mtaro au choo kilichojaa, uchafu hunyonywa ndani. Maji yanaporudi, huusukuma uchafu huo moja kwa moja hadi kwenye mfereji wako. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa bomba hujenga wodi ya hospitali.

Tangu wakati huo sheria zimebadilika. Sheria ya Maji ya 2002 ilileta kampuni za maji, na hapa kwetu ndipo ilipotokea kampuni ya Nzoia kuhudumia Kitale, Bungoma, Webuye na Kimilili. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ikasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Mwaka 2013 kaunti zikapewa kazi ya huduma za maji. Haki ipo katika karatasi, na ni wajibu wetu kuidai. Lakini wakati tunaidai, mtoto lazima anywe maji leo jioni. Kuanzia Oktoba 2022 kipindupindu kilirudi nchini na kuwapata watu zaidi ya 10,000 katika kaunti nyingi. Ugonjwa wa siku za Barghash ulikuwa bado unapiga hodi.

Kutoka mfereji hadi kikombe

Jambo jingine tumelijifunza hapa hapa magharibi. Watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, waliangalia takriban chemchemi 200 katika eneo la Busia. Baadhi zilijengewa saruji na bomba la kutolea maji ili uchafu usiingie. Kwenye chemchemi yenyewe, vijidudu vya kinyesi vilipungua kwa thuluthi mbili hivi. Lakini maji hayo hayo yalipopimwa nyumbani, vilikuwa vimepungua kwa robo tu. Kwa nini? Mtungi haukuoshwa vizuri. Haukuwa na kifuniko. Mkono uliingia na kikombe.

Wakaja na wazo la kuweka klorini pale pale penye maji, ile tanki ndogo iliyosimamishwa kando ya chemchemi. Unaweka mtungi wa lita 20, unazungusha mara moja, dawa inashuka kwa kipimo.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba dawa ya maji inamaliza yote. Kuanzia 2012 utafiti mkubwa ulifanyika Bungoma, Kakamega na Vihiga kwa akina mama wajawazito 8,246. Baadhi walipewa klorini, wengine vyoo bora, wengine sabuni na mahali pa kunawia, wengine chakula cha nyongeza kwa watoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kuhara hakukupungua kama ilivyotarajiwa. Basi, je, tuache kusafisha maji? La hasha! Somo ni kwamba vijidudu vina milango mingi. Ukifunga mlango wa maji ukaacha wa mikono, wa choo, wa kinyesi cha kuku na cha mtoto mchanga uani, mgeni atapitia huko.

Basi tufanye nini?

Tumrudie mama yetu. Hatuwezi kumwambia kwa hakika kwamba mtoto aliugua kwa sababu ya maji, maana hayakupimwa. Lakini tunamwuliza maswali manne. Je, mfereji hukauka siku fulani na kurudi? Maji yakirudi, huja na tope au rangi? Ploti ina tangi, na je, lilioshwa lini? Maji ya kunywa yanakaa katika chombo gani?

Kama jibu la swali la kwanza au la pili ni ndiyo, au hakuna anayekumbuka tangi lilipooshwa, au maji yanakaa wazi, basi asiyanywe bila kuyatibu. Maji yanayoweza kunywewa moja kwa moja ni yale yanayotoka bila kukatika, yenye klorini iliyobaki, yanayopimwa mara kwa mara na kukutwa hayana kijidudu hata kimoja cha kinyesi katika mililita 100. Kama huna hakika ya hayo, chukua tahadhari.

Kuchemsha hakuhitaji makaa mengi kama watu wanavyodhani. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Usiogope, vijidudu hufa hata chini ya hapo. Maji yakianza kutokota kwa nguvu, hesabu dakika moja, kisha epua. Ninyi wa juu zaidi, mlio kwenye miteremko ya Mlima Elgon na Cherangany kupita mita 2,000, acheni yatokote dakika tatu. Hakuna haja ya nusu saa. Yaache yapoe katika chombo hicho hicho, yakiwa yamefunikwa.

Kama makaa yamekushinda, tumia dawa ya klorini ya dukani. WaterGuard imekuwa ikiuzwa Kenya tangu 2003. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ngoja dakika 30, ndipo unywe. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu tope humaliza nguvu ya dawa.

Na mtoto akihara, usingoje. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati, yaliyochanganywa kama pakiti inavyoeleza, kwa maji yaliyotibiwa. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, au kinyesi kina damu, mkimbize hospitali.

Ya kukumbuka

1. Maji maangavu si lazima yawe salama.
2. Mfereji wenye mgao si sawa na mfereji wa saa 24.
3. Chemsha dakika moja, au tia klorini na kungoja dakika 30.
4. Weka maji ya kunywa katika chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko. Mimina, usichovye.
5. Nawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula.
6. Ukiona bomba linavuja karibu na mtaro, ripoti kwa kampuni ya maji siku hiyo hiyo.

Maswali ya kikundi: Katika mtaa wenu maji hukatika mara ngapi kwa wiki? Nani ana jukumu la kuosha tangi la ploti, na mtamkumbusha vipi?

Kabla hujalala leo, nenda ukaangalie kama mtungi wa maji ya kunywa umefunikwa.