Mvuke wa Thina Huenda Chini

Tarehe 11 Julai 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndege ya Henri Farman iliruka kutoka Kisiwa cha Mafia ikaelekea delta ya Rufiji, ambako manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha kwenye mikoko kwa miezi. Rubani aliitwa Cull. Mwenzake Arnold alikuwa na simu ya upepo, kazi yake kuwaelekeza wapiga mizinga wa meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey: ongeza kidogo, punguza, sogea kushoto. Ndege ikapigwa. Arnold akaendelea kutuma maelekezo huku wanashuka, wakaangukia mtoni, wakaokolewa, na Königsberg ikaishia palepale.

Wanahistoria wana mengi ya kusema kuhusu mizinga ile. Mimi ni fundi rangi, macho yangu yako kwenye kitambaa. Nimepuliza rangi magari mtaani Gerezani, Dar es Salaam, zaidi ya nusu ya umri wangu, na tangu nistaafu natengeneza modeli za ndege chumbani kwangu Mbagala, Farman ya Mafia ikiwa mojawapo. Ndege za wakati ule zilikuwa fremu ya mbao iliyovishwa kitani. Kitani kitupu hulegea, hupitisha upepo na kunywa maji ya mvua, kwa hiyo kilipakwa dawa iliyoitwa dopu: selulosi iliyoyeyushwa ikawa uji mwepesi. Ikikauka, kitambaa hukaza kama ngozi ya ngoma. Kwenye karakana za Uingereza waliopaka dopu hiyo kwa brashi, mkono baada ya mkono, walikuwa zaidi wanawake, maana wanaume walikuwa vitani.

Kiyeyushi kilichopendwa kiliitwa tetrakloroethani. Hakikuwaka moto kirahisi, kwa hiyo kilionekana salama. Kisha watu wa Hendon, karibu na London, wakaanza kuumwa: usingizi mzito kazini, chakula hakipiti, matapishi, halafu macho na ngozi vikageuka manjano. Ini lilikuwa linakufa. Wengine wakafa wao wenyewe. Daktari William Willcox alichunguza, panya wakavutishwa mvuke ule maabara, na jibu likapatikana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1916 ugonjwa huo ukawa wa kutolewa taarifa serikalini kwa lazima, na kabla mwaka haujaisha kiyeyushi hicho kikaondolewa kwenye dopu za ndege.

Katikati ya hapo kuna jambo ambalo kila fundi rangi angepaswa kufundishwa siku ya kwanza. Mwanzoni madirisha yalifunguliwa na haikusaidia sana. Mvuke ule ni mzito kuliko hewa. Haupandi kwenda dirishani, unamwagika kutoka kwenye bawa, unashuka, unatanda sakafuni na kupanda taratibu hadi puani. Wakaguzi wakataka feni ziwekwe chini, karibu na sakafu, zivute hewa kutoka pale mvuke ulipo. Ni karne na ushei sasa. Thina yetu ya dukani nyingi ina tolueni, ambayo mvuke wake ni mzito mara 3 hivi ya hewa, na bado naona watu wanatoboa tundu la feni juu kabisa karibu na dari, kisha wanashangaa kwa nini kichwa kinauma.

Gerezani hatukuwa na feni ya juu wala ya chini. Tulikuwa na maziwa. Fundi aliyenilea kazini, baada ya kumaliza gari zima, alituma mtoto dukani, akaninywesha. “Kunywa, mwanangu, yanasafisha kifua.” Naye alikunywa, akajifuta povu, akaendelea na milango ya Peugeot. Nimeisikia imani hiyo Tanga, Mombasa na Kampala, na si yetu peke yetu: katika vita vile vile vya kwanza, wanawake wa Uingereza waliojaza baruti ya TNT kwenye makombora walipewa maziwa kiwandani. Maziwa yanaenda tumboni. Rangi ilishaenda kwenye mapafu, na njia hizo mbili hutengana kooni.

Na hapo kooni ndipo bunduki ya rangi ilipozaliwa. Mwaka 1888 Allen DeVilbiss, daktari wa Toledo, Ohio, alitengeneza kichupa cha kupulizia dawa kwenye koo za wagonjwa badala ya kupaka kwa pamba. Mwanawe Thomas aliichukua kanuni ileile, na kufikia 1907 ilikuwa bunduki ya kupulizia rangi. Chombo cha kutibia koo kikageuka cha kulichoma. Hakuwa peke yake. Joseph Binks, msimamizi wa matengenezo kwenye jengo la Marshall Field kule Chicago, alishachoka kusubiri watu wapake chokaa kuta za chini ya jengo kwa brashi, akabuni mashine ya kupuliza kwa pampu ya mkono. Mashine hizo ndizo zilizopaka weupe majengo ya Maonyesho ya Dunia ya 1893 mjini humo.

Chokaa na maji si kitu. Shida ilikuja na haraka. Gari la mwanzoni mwa karne ya 20 lilipakwa vanishi koti juu ya koti, likangoja wiki nzima nzima kukauka. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ilitoa Duco, rangi ya nitroselulosi, binamu wa dopu ya ndege, na General Motors wakaipuliza kwenye magari ya Oakland ya rangi ya buluu. Ilikauka kwa saa chache. Ilikauka upesi kwa sababu nusu yake na zaidi ilikuwa kiyeyushi kinachoruka, na kinachoruka lazima kitue kwa mtu. Juu ya mvuke sasa kulikuwa na ukungu: bunduki za zamani zilipoteza zaidi ya nusu ya rangi hewani. Viyeyushi vingine vilikuwa na benzini, ile ya maabara inayoua uboho wa mifupa ili damu isitengenezwe, na mwaka 1926 Baraza la Taifa la Usalama la Marekani likatoa ripoti yake juu ya balaa hilo. Kibanda cha rangi chenye ukuta unaofyonza hewa, ambacho leo kila gereji kubwa inajivunia kwenye tangazo, kilienea miaka hiyo.

Uingereza kulikuwa na mtu mmoja, Thomas Legge, daktari wa kwanza wa ukaguzi wa viwanda, aliyeanza kazi 1898. Alikuwa mkali wa jambo moja: mfanyakazi hawezi kujilinda kwa uangalifu wake mwenyewe, kinachomlinda ni kile kilichojengwa nje yake, na anayepaswa kukijenga ni mwenye kiwanda. Mwaka 1926, serikali yake ilipokataa kuridhia mkataba wa 1921 wa kuzuia rangi ya risasi, aliacha kazi. Nampenda kwa hilo. Ila nyumbani kwangu fikra yake inanibana vibaya, maana mwenye kiwanda ni mimi na mfanyakazi ni mimi, na mkaguzi haji.

Namna rangi hizi zilivyoingia vyumbani ni hadithi fupi. Airfix, watengenezaji wa modeli, walitoa meli yao ya plastiki, Golden Hind, mwaka 1952, ikauzwa kwenye maduka ya Woolworths, na baadaye ikaja ndege ya Spitfire. Watoto walipaka kwa brashi, vikopo vidogo vya rangi ya mafuta, harufu kidogo, basi. Lakini Edward Seymour wa Illinois alishatengeneza kopo la rangi ya sprei mwaka 1949, kwa ajili ya rangi ya alumini ya vipasha joto vya nyumba. Kopo likamfikia kila mtu. Gesi za kusukuma zilikuwa zile zilizokuja kulaumiwa kwa kutoboa tabaka la ozoni. Marekani ilizipiga marufuku kwenye makopo 1978, na badala yake ikaingia propeni na buteni. Anga ikapona kidogo, kopo likawa la kushika moto. Fikiria chumba cha Mbagala: mvuke mzito unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, na koridoni kuna jiko la mkaa la mpangaji mwenzio.

Kwa hiyo nilijijengea. Kisanduku cha mbao nyembamba, mdomo wake upana sentimita 60 na kimo 40, modeli inakaa ndani, mimi nje. Wajuzi wa mambo haya husema hewa mdomoni iende nusu mita kwa sekunde, la sivyo ukungu unarudi usoni. Zidisha: inakuja mita za ujazo 430 hivi kwa saa. Feni ndogo ya chooni ya inchi 4, ile wanayokuuzia Kariakoo kwa kiapo, hutoa kama 100. Nikachukua kubwa, yenye mota iliyofungwa, nje ya mkondo wa hewa, isirushe cheche ndani ya mvuke. Bomba fupi, kona moja. Mbele ya feni kuna kitambaa cha kuchuja, nacho kinakamata vumbi la rangi tu. Mvuke unapita kama haukioni. Na mlango wa upande wa pili nauacha wazi kidogo, kwani feni haiwezi kutoa hewa ambayo haiingii.

Pangaboi huwa nimelizima. Halitoi kitu nje, linakoroga.

Kupima kama kisanduku kinavuta, natumia udi. Kabla kopo lolote la thina halijafunguliwa, nawasha kijiti kimoja, nakishika mbele ya mdomo wa kisanduku, kwanza katikati kisha kwenye kila pembe. Moshi ukilala na kuingia wote kwa mstari mmoja, sawa. Ukijikunja kwenye pembe ya chini kushoto na kutoka tena, pale pana ufa au kichujio kimejaa. Nazima udi, narekebisha, narudia. Wajukuu wanadhani nafukiza mashetani.

Barakoa navaa, ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa pembeni. Ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke hata kidogo. Kuna rangi moja nimeikataa kabisa nyumbani: ile ya kuchanganya na hadina, inayong'aa kama kioo, wanayoipenda watengenezaji wa modeli za magari. Hadina yake ina isosianeti, ambayo husababisha pumu, huwezi kuinusa mapema, na mtu akishapata mzio nayo, kiasi kidogo tu kinamkaba. Gereji zenye akili humpa mpulizaji hewa safi kwa mpira kutoka nje. Modeli ya ndege ya 1915 haina sababu ya kung'aa hivyo. Kitani chake kilikuwa rangi ya uji wa ulezi.

Bomba linatokea uani, upande ambao Mama wa nyumba ya pili anaanika nguo. Tumekubaliana: napuliza alfajiri, kabla hajatoa beseni, na Jumamosi sipulizi kabisa kwa sababu ya mashuka.