Dawa mseto za kumeza kwa saratani ya mapafu

Ni tiba inayounganisha vidonge vya aina mbili dhidi ya saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Mfano unaojulikana ni dabrafenibu na trametinibu, kwa uvimbe wenye badiliko la jeni ya BRAF liitwalo V600E, ambalo huwapata wagonjwa wachache mno. Dawa ya kwanza huzuia protini ya BRAF, ya pili huzuia protini ya MEK inayoifuata, hivyo amri ya seli kuzaana hukatwa mahali pawili na usugu huchelewa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, uvimbe ulipungua kwa takriban asilimia 63 ya wagonjwa 57 waliokwisha kutibiwa kwa dawa nyingine. Halikuwa na kundi la kulinganisha, upungufu usiopaswa kufichwa. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2017. Homa ni athari yake ya kawaida, na kwetu Kenya ni rahisi kudhaniwa malaria.

Hospitali ya rufaa ya Garissa ina kituo cha saratani kinachohudumia pia Wajir na Mandera. Lakini vidonge hivi havitolewi bila kipimo cha jeni, na kikohozi cha saratani mara nyingi hutibiwa kwanza kama kifua kikuu. Anayeendelea kukohoa baada ya kutibiwa aombe picha ya kifua mapema.