Tarehe ya Sura za Kutisha katika Uwanda wa Kati

Hii ni tarehe ya ufundi wa kumgeuza mtu umbo hadi atishe, nao ulianza kwetu, kati ya Kolo na Kwa Mtoro, mkoani Dodoma. Wapo wanaodai ulitoka Dar es Salaam pamoja na filamu. Wengine wanasema ni wa Wamakonde. Madai hayo mwamba wenyewe unayakanusha.

Mafundi wa kwanza ni Wasandawe, waliokuwapo nchi hii kabla ya Warangi, Wagogo na Wanyaturu. Kazi kubwa inayohusishwa nao iko Amak'hee, ndani ya pori la akiba la Swaga Swaga, ambako Maciej Grzelczyk wa Poland aliikuta mwaka 2018 na kuitangaza 2021. Karibu michoro yote ni ya rangi nyekundu. Katikati wamo watatu wenye vichwa vya nyati: utosi umebonyea, pembe zinapanda kisha zinapinda nje, masikio yamelala. Chini ya vichwa hivyo ni miili ya watu. Mchoraji aliyechanganya hivyo alijua kinachotisha: mnyama mzima humtisha mwindaji, lakini mnyama mwenye miguu ya mtu humtisha kila mmoja.

Wasandawe hawakuishia kuchora. Katika ngoma ya simbo, mchezaji akishapandwa na pepo huwa simba, hunguruma na kuwasaka wachawi. Hapo hapakuhitajika ngozi wala kinyago. Mwili wenyewe ndio uliobadilika.

Kolo nako kuna ugomvi ambao lazima niuseme. Kwenye mwamba mmoja watu wembamba wamemshika mwenzao mikono, wawili huku na wawili huku, na wa upande mmoja vichwa vyao ni kama vya kuvalishwa. Mary Leakey, aliyenakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, alisema ni mwanamke anayetekwa. Waliokuja baadaye wakasema ni mtu aliyepandwa, anashikiliwa asianguke. Mimi nasimama na hawa wa pili, kwa kuwa simbo ipo, na aliyepandwa hushikwa na wenzake.

Ufundi huu uliwahi pia kuharibiwa. Singida, miaka ya 1946 hadi 1948, walitokea watusimba, wauaji waliovaa ngozi za simba ili mauaji yahesabiwe kuwa ya mnyama. Hofu ilitanda vijijini. Hiyo ni aibu ya wauaji, wala si ya waliochora Amak'hee.

Mafundi wengine wa sura za kutisha, waliokuja mbali na uwanda huu, ni hawa. Wamakonde wana mapiko, vinyago vya mti mwepesi vyenye nywele za watu zilizogandishwa kwa nta. Samaki Likankoa alianzisha uchongaji wa mashetani kwa mpingo. Mussa Banzi alitengeneza filamu za kutisha za Nsyuka na Shumileta.

Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro ya Kondoa katika urithi wa dunia. Hata hivyo wapo waliochimba kwenye miamba ya michoro ya Mongomi wa Kolo wakitafuta dhahabu inayodaiwa kufukiwa na Wajerumani, na miamba ikaumia. Wenye kuupaka uso rangi za damu mbele ya kamera leo, na wenye kuchonga majitu ya povu, ni wa ukoo huu wa mafundi. Basi wapande Kolo, wawatambue waliowatangulia, na wawe wa kwanza kuwazuia wachimbaji.