Fahamu Aina ya Faili Inayofaa kwa Picha za Mtandaoni na za Kuchapwa

Huduma nyingi za umma sasa hupatikana kwa njia ya mtandao, na mwombaji wa ajira, mkopo wa masomo au hati ya kusafiria hutakiwa mara kwa mara kupakia picha yake pamoja na nakala za vyeti. Picha isiyosomeka, au faili isiyokubaliwa na mfumo, inaweza kuchelewesha maombi ya mtu aliyetimiza vigezo vyote. Vivyo hivyo, kikundi au taasisi inaweza kulipia mamia ya mabango na kukuta nembo yake imetia ukungu. Makala haya yanaeleza namna ya kuepuka hasara hizo kwa kuchagua aina ya faili kulingana na mahali picha itakapotumika.

Faili za kuonyeshwa mtandaoni

JPEG, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992, ndiyo aina inayofahamika zaidi na hufaa kwa picha zilizopigwa kwa kamera au simu. Faili hii hupunguza ukubwa wake kwa kutupa sehemu ya taarifa za picha ambazo jicho halizitambui kwa urahisi. Kilichotupwa hakirudi. Kuifungua au kuinakili faili hakuidhuru, lakini kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya kama JPEG, ubora wake unaweza kushuka zaidi. Ikibanwa kupita kiasi, madoa hujitokeza kuzunguka herufi, na ndiyo maana namba au mhuri wa cheti huweza kushindwa kusomeka.

PNG, iliyoanza kutumika mwaka 1996, hubana faili bila kupoteza taarifa yoyote. Hufaa kwa nembo, majedwali, picha za skrini na michoro yenye maandishi, kwa kuwa kingo za herufi hubaki makini. Aidha, PNG huruhusu mandharinyuma ya picha kuwa wazi, jambo ambalo JPEG haliwezi. Kasoro yake ni kwamba picha ya kamera ikihifadhiwa kwa PNG huwa nzito, hivyo humgharimu msomaji muda na bando.

GIF ya mwaka 1987 haizidi rangi 256 katika picha moja, na leo hutumika zaidi kwa michoro mifupi inayotembea. WebP, iliyotangazwa na Google mwaka 2010, huwa nyepesi kuliko JPEG kwa ubora unaokaribiana, na hivyo huifaa tovuti. Hata hivyo, si kila mfumo wa maombi wala kila mchapaji anayeipokea.

Faili za kuchapwa

Picha inayopendeza kwenye skrini ya simu si lazima ipendeze kwenye karatasi. Kwa kitabu, kipeperushi au picha inayotazamwa kwa karibu, wachapaji hupendekeza pikseli 300 kwa kila inchi. Hivyo, picha yenye pikseli 1,200 kwa 1,800 hutosha kwa karatasi ya inchi 4 kwa 6. Picha hiyohiyo ikikuzwa kujaza karatasi ya A3, hubakiwa na takriban pikseli 100 kwa inchi, na kasoro zake huonekana. Ukurasa mzima wa A4 huhitaji takriban pikseli 2,480 kwa 3,508. Bango kubwa linalotazamwa kwa mbali linaweza kuwa na kiwango cha chini ya hapo.

Faili za TIFF na PDF zilizoandaliwa vizuri hutumika sana katika uchapaji kwa sababu zinaweza kuhifadhi picha bila kupunguza ubora. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kuiweka picha hafifu ndani ya PDF hakuifanyi kuwa bora.

Nembo ni vema ihifadhiwe kama mchoro wa mistari, yaani SVG au PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye programu ya usanifu. Faili ya namna hiyo haijengwi kwa pikseli bali kwa vipimo vya mistari na maumbo, hivyo huweza kukuzwa kutoka kadi ndogo hadi bango la barabarani bila kufifia.

Jambo jingine ni rangi. Skrini huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, ilhali mashine ya kuchapa kwa kawaida huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Baadhi ya rangi zinazong'aa kwenye skrini haziwezi kupatikana kwa wino. Ni busara kuomba nakala moja ya majaribio kabla ya kuruhusu kazi yote ichapwe.

Mambo ya kuzingatia

Wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo kabla ya kupakia au kuchapisha picha:

1. Hifadhi faili ya awali bila kuigusa, na ufanye marekebisho kwenye nakala.

2. Soma maelekezo ya mfumo husika kuhusu aina ya faili na ukubwa unaoruhusiwa. Ikiwa faili ni kubwa mno, punguza kwanza vipimo vya picha kabla ya kuibana zaidi.

3. Usibadilishe herufi za mwisho za jina la faili ukidhani umebadilisha aina yake. Fungua picha kwenye programu na uihifadhi upya kwa aina inayotakiwa.

4. Unapomtumia mchapaji picha kwa WhatsApp, itume kama waraka, kwa kuwa ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa.

5. Kabla ya kuwasilisha maombi, fungua faili uliyoiandaa, uikuze, na uhakikishe kwamba majina, namba na mihuri yote inasomeka.

Faili ya awali ikiwa salama, kosa lolote linaweza kurekebishwa kwa kutengeneza nakala nyingine. Ikipotea, hakuna programu inayoweza kurejesha kwa uhakika kilichokuwamo.