Umilisi wa Taarifa na Mkutubi wa Chuo

Umilisi wa taarifa ni uwezo wa mtu kutambua kwamba anahitaji taarifa, kujua pa kuitafuta, kuipima, na kuitumia bila kumdhulumu aliyeitoa. Dhana hii ilipewa jina na Mmarekani Paul Zurkowski mwaka 1974, na Azimio la Alexandria la 2005 likaihesabu kuwa haki ya msingi ya binadamu katika zama za kidijiti. Vyuoni mwalimu wake ni mkutubi, ingawa wanafunzi wengi bado humjua kama mtu wa kugonga mhuri wa tarehe na kuwanyamazisha wenye maneno mengi.

Si kosa lao. Vitabu vilipokuwa haba, kuvilinda ndiyo ilikuwa kazi. Mambo yalianza kubadilika mwaka 2002, Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha Hinari, ambayo sasa ni sehemu ya Research4Life, kuzifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaalamu bure au kwa bei ndogo. Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu mmoja mmoja, kwa hiyo ufunguo aghalabu huwa mikononi mwa maktaba. Shida ya kupata ikapungua, ikaja shida ya kuchagua.

Chukua mwanafunzi wa Gombani, mahali huko Chake Chake, kisiwani Pemba, Zanzibar, panapojulikana zaidi kwa uwanja wa mpira. Akiandika "Pemba" kwenye mtandao ataletewa pia mji wa Pemba wa kaskazini mwa Msumbiji, ambao hadi 1975 uliitwa Porto Amélia. Asipoongeza neno "Zanzibar" atasoma habari za watu wengine akidhani ni za kwao. Akiandika "kichocho" atapata machache, kwa kuwa watafiti hutumia jina la kisayansi, schistosomiasis, na maandishi ya zamani husema bilharzia. Hayo hayamo katika simu yake, anayo mkutubi. Akili mnemba nayo haijamwondolea kazi hiyo, maana huweza kumtungia mwanafunzi makala na mwandishi wake, tarehe na kurasa zake, isiyopata kuandikwa na mtu yeyote.

Mfano mzuri zaidi wa somo hili umetoka jirani. Huko Wawi, Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu Mtaliano wa vimelea. Watafiti wake, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, walifanya jaribio kwa watoto zaidi ya 24,000 wa Pemba, wote wa chini ya miaka mitatu, kupima faida ya kuwapa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku. Matokeo yaliwashtua wengi. Waliopewa chuma waliugua sana au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wasiopewa, na sehemu hiyo ya jaribio ikasimamishwa kabla ya muda wake. Shirika la Afya Duniani lililazimika kuupitia upya ushauri wake kuhusu chuma kwa watoto wa sehemu zenye malaria nyingi.

Msomaji wa haraka hukomea hapo na kuondoka na kauli kwamba chuma huua watoto. Lakini ndani ya makala yenyewe iliyotangaza jaribio hilo mna kundi dogo la watoto waliopimwa damu na kufuatiliwa malaria kwa karibu zaidi. Humo, waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika nacho. Anayesoma muhtasari peke yake hupotoka, na kumrudisha kwenye kurasa za ndani ni kazi ya ukutubi kama ilivyo kupanga rafu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ni kubwa zaidi.

Makala hiyo imo katika jarida la The Lancet, juzuu la 367, mwaka 2006, kuanzia ukurasa wa 133. Msomaji asilifunge jarida baada ya hapo: ukurasa wa 144 unaanza utafiti kama huo uliofanywa Nepal, kwenye malaria haba, na huko madhara hayo hayakuonekana.