Tetesi za rola kosta: lisemwalo lipo?

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimeupima msemo huu kwa jambo ambalo wengi wetu hulidharau: tetesi kuhusu rola kosta za Marekani, yale mabehewa ya burudani yanayokwenda mbio juu ya reli, yakipanda minara na kuporomoka. Huko, wapenzi wa mchezo huu hubashiri mwaka mzima ni ipi itakayovunjwa, ipi itabadilishwa na ipi italetwa mpya.

Tuanze na Top Thrill Dragster ya bustani ya Cedar Point, jimbo la Ohio. Ilifunguliwa mwaka 2003, ikiwa na mnara wa mita 128. Agosti 2021 kipande cha chuma kilichomoka kwenye behewa na kumjeruhi vibaya mwanamke aliyekuwa kwenye foleni. Mchezo ukafungwa. Septemba 2022 bustani ikatangaza kuwa inaistaafisha rola kosta hiyo kwa namna ilivyojulikana, na wengi wakakata shauri kwamba itabomolewa. Waliosoma tangazo kwa makini waliona kuwa halikusema hivyo. Mwaka 2024 ilirudi kwa jina la Top Thrill 2, ikiwa na mnara wa pili na mtambo wa sumaku za umeme badala ya ule wa haidroliki. Ilifanya kazi siku chache tu ikasimamishwa, na watu wakangoja hadi 2025.

Ndugu yake ilikuwa Kingda Ka, katika bustani ya Six Flags Great Adventure, New Jersey. Ilifunguliwa Mei 2005, na mnara wake wa mita 139 ulikuwa mrefu kuliko wa rola kosta yoyote duniani. Mtengenezaji alikuwa yuleyule, Intamin, na mtambo ni uleule wa haidroliki, uliorusha mabehewa kwa kasi ya kilomita 206 kwa saa katika sekunde 3.5. Kwa hivyo mwaka 2024, tetesi zilipoenea kwamba huo ndio msimu wake wa mwisho, waliozisambaza walikuwa na dalili mkononi.

Watu walipanda mara ya mwisho tarehe 10 Novemba 2024. Tangazo rasmi la kuiondoa lilitoka tarehe 14, siku nne baadaye. Mnara uliangushwa kwa baruti tarehe 28 Februari 2025. Aliyezipa tetesi uzito aliwahi kuaga; aliyengojea neno rasmi alikuta lango limefungwa. Hapo mimi siwezi kumlaumu msambazaji wa tetesi. Mwenye mali akinyamaza, watu watajisemea.

Hata hivyo, tetesi hazilingani. Mimi huzigawa mafungu matatu. Kuna zenye karatasi: maombi ya kibali cha ujenzi au ya kusajili jina. Hizi huonyesha kuna mpango, ingawa jina laweza kusajiliwa na lisitumike kamwe. Kuna zinazoonekana kwa macho: vipande vya reli vilivyorundikwa uwanjani, au msingi uliokwisha chimbwa. Hizi ndizo nzito zaidi. Fungu la mwisho ni la "nimeambiwa na mfanyakazi wa ndani". Hilo lisikilize, lakini usilikatie tiketi ya ndege.

Tofauti hii ina maana kwa mzazi anayeweka akiba miezi kadhaa ili awapeleke watoto bustanini. Katika tangazo lile la Novemba 2024, Six Flags Great Adventure iliahidi rola kosta mpya ya kuvunja rekodi kwa mwaka 2026. Ilitoka kinywani mwa mwenyewe, lakini bado ilikuwa ahadi. Kwa habari kama hiyo, kabla ya kutoa pesa, uliza kwanza: je, msingi umechimbwa?