Mzizi wa Neno Koloni

Mwaka 1975 niliingia kidato cha kwanza. Miaka saba nilikuwa nimesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kama Serikali ilivyoamua mwaka 1967. Ghafla vitabu vyote vikawa vya Kiingereza. Kila usiku nilikariri maneno ishirini. Asubuhi yalikuwa yametoweka. Nikaanza kuamini kuwa sina akili.

Likizo ilipofika nilipanda treni Kilosa kwenda Mikumi kwa baba mkubwa, karani wa reli aliyepata kusoma seminari. Nilipomweleza, hakunipa pole. Aliniuliza:

"Mti mmoja mkumi. Ikiwa mingi?"

"Mikumi."

"Na katika kusoma unapata maneno gani?"

Nikataja somo, msomi, msomaji, usomaji.

"Nani alikukaririsha hayo? Umeshika mzizi tu, mwanangu. Kiingereza nacho kina mizizi, na mingi ni ya Kilatini."

Tukaanza na portare, yaani kubeba. Import ni kubeba kuingiza, export ni kubeba kutoa, transport ni kubeba kuvusha. Nikacheka peke yangu.

Kisha akaniandikia colere, kulima. Humo hutoka agriculture, culture, na pia colony: kwa Warumi, colonia ilikuwa makazi ya watu waliopewa ardhi walime. Hapo sikucheka. Nilimkumbuka babu, aliyekata mkonge Kilosa katika shamba lisilo lake. Neno lilimtaja mkulima, lakini mkulima huyo hakuwa yeye.

"Usilionee haya wala usiliogope," baba mkubwa alisema. "Waingereza nao walitawaliwa." Warumi waliivamia nchi yao mwaka 43. Mwaka 1066 wakaja Wanormani na Kifaransa chao, mtoto wa Kilatini, na baadaye wasomi wakaendelea kukopa. Lugha iliyonitisha ilikuwa nayo imekopa, kama yetu ilivyokopa kwa Waarabu.

Hata hivyo, mzizi huonyesha njia, haukufikishi. Manufacture ni kutengeneza kwa mkono, lakini viwandani kazi hiyo hufanywa na mashine. Kamusi haikwepeki.

Nilifaulu. Wenzangu kadhaa waliachwa njiani, na kwa miaka mingi nilidhani niliwazidi akili. Leo najua nilichowazidi ni baba mkubwa.